Mwizi wa Maji Azikwa Mkonze

Siku niliyoacha kazi Mtumba, kwenye ofisi za serikali nje ya Dodoma, mama yangu aliniuliza kama nimepimwa malaria. Hakuwa anatania. Kwa akili yake, mtu mwenye ajira ya serikali, kiti cha kuzunguka na kiyoyozi hawezi kuandika barua ya kuacha kazi isipokuwa homa imempanda kichwani. Akaniuliza nakwenda kufanya nini. Nikamwambia naanzisha jarida la mtandaoni.

"Gazeti?"

"Jarida, mama. Ila linasomwa kwenye simu."

Akaingia jikoni kunipikia uji wa mtama kama mgonjwa.

Aliyepiga vigelegele ni shangazi yangu peke yake, dada yake marehemu baba. Shangazi akisikia jambo linamkera mama yangu, hulipenda kabla hajalielewa. Macho yake hayaoni vizuri maandishi, kwa hiyo akanipa masharti papo hapo: yeye atakuwa msomaji wangu wa kwanza, ila nitamsomea mwenyewe kwa sauti, na makala ikiwa mbovu ataniambia mbele za watu. Ahadi hiyo ameitimiza mpaka leo, hasa ile sehemu ya mbele za watu.

Nilikuwa afisa habari. Kazi yangu ilikuwa kuandika kwamba mkubwa amezindua, mkubwa amesisitiza, mkubwa ametoa wito. Sikuichukia, na mshahara wake ulilisha vinywa vingi nyumbani. Lakini kila asubuhi kwenye basi la wafanyakazi nilikuwa nachungulia dirishani naona mambo ambayo hakuna aliyeyaandika. Wanawake wameanika mboga ya mlenda juu ya mikeka kando ya barabara, upepo unawachezea, wao wanauwekea mawe. Mzee anabishana na fundi wa kupogoa mizabibu kama vile wanagawana urithi. Nikifika ofisini naandika tena kwamba mkubwa amesisitiza.

Habari za Dodoma zilikuwa habari za watu waliokuja kulala Dodoma. Bunge likikaa, tupo. Bunge likiahirishwa, tunafutika mpaka kikao kijacho, na tukitajwa basi ni ukame na vumbi. Na sisi tuliozaliwa hapa, wenye makaburi yetu hapa, tulikuwa wapi? Watu wengine wakihojiwa husema walianza kwa ndoto. Mimi nilianza kwa hasira, na sijawahi kuwa na hasira iliyonifurahisha namna ile. Nilikuwa naamka alfajiri nikicheka.

Leseni ilipotoka niliitia plastiki kama cheti cha ndoa. Ofisi yetu ya kwanza ilikuwa chumba cha nyuma kwenye karakana ya mageti, Kizota. Mafundi wakianza kukata vyuma hatukusikilizana kabisa, tukawa tunaandikiana ujumbe wa simu hali tumekaa meza moja. Tulikuwa watatu. Mimi. Mpiga picha, mtu wa Singida, baba wa familia, aliyepiga picha za harusi mpaka akachukia keki. Na binti mmoja wa Kagera aliyekuja Dodoma kusoma chuo kikuu, ambaye ndiye aliyejenga tovuti na kuhariri lugha yetu. Mdogo kwa umri, mkali kwa nukta na mikato.

Makala yetu ya kwanza ilieleza jinsi mji unavyokuwa siku Bunge linapoahirishwa. Mama lishe anayebaki na sufuria la wali asijue la kulifanya. Bodaboda wamelala juu ya pikipiki zao mchana kweupe. Mwenye nyumba ya wageni aliyekuwa hajibu salamu, leo anatusalimia yeye kwanza, tena kwa majina ya watoto wetu. Tulibonyeza kuchapisha, tukakaa tunaikodolea macho simu ya yule binti. Maoni ya kwanza yakaingia. Mtu asiyetufahamu, yuko nchi za baridi huko, ameandika: "Mmenitoa machozi, wajinga nyie. Huyo mwenye nyumba namfahamu." Mpiga picha aliruka akagonga kichwa kwenye shubaka la dirisha. Niliwaambia mafundi wazime mashine wasikie, wakazima, nikawasomea makala nzima nimesimama juu ya boksi la rangi. Furaha ile hainitoki. Nikiikumbuka nashindwa kukaa kitini.

Leo jarida lina waandishi mpaka Kondoa na Manyoni, na watu huniuliza ni lini nilijua litaishi. Nadhani wanategemea nitaje semina fulani au hoteli fulani. Nilijulia Mkonze, pembezoni mwa mji, kwenye msiba, nikiwa nimelowa.

Alikuwa amefariki mzee mmoja wa Kigogo, mkulima wa zabibu, aliyekuwa pia mwenyekiti wa kamati ya maji ya mtaa wao. Ndiye aliyezisumbua ofisi kwa miaka mingi mpaka bomba likafika kwao na wanawake wakaacha kufuata maji mbali. Tulikuwa tumeshamwandika mara moja, makala ya zabibu, na alinifokea kwa sababu picha ilimwonyesha na shati la shambani. Zaidi ya hayo, alikuwa mtani wa shangazi yangu.

Hapo lazima nieleze kidogo. Ukoo wa baba yangu ni Wanyamwezi wa misafara. Zamani wapagazi wakitoka kwao kwenda pwani ilibidi wavuke Ugogo, na Ugogo maji yana mwenyewe: ulilipa kwanza hongo, ushuru wa kupita, ndipo ukanywa. Babu wa babu yangu aliugua miguu hapa, akaachwa na wenzake, akapona, akaoa, akafungua duka. Ule ugomvi wa visima ukageuka utani, na utani una sheria zake. Mtani anaweza kukusema vibaya mbele ya wakwe zako na kuondoka na kuku wako, na ukikasirika, mwenye makosa ni wewe. Kazi yake kubwa iko msibani. Hupika, husaidia kuchimba, na huwachokoza wafiwa mpaka wacheke, watake wasitake.

Siku ya maziko shangazi alivaa buibui lake la sikukuu. Mchungaji alipomaliza sala, vijana wakashika kamba ili wateremshe jeneza, shangazi akajitupa chini kando ya kaburi, akanyoosha miguu.

"Haendi popote huyu!" akapiga kelele, kisha akawasalimia kwa Kigogo. "Mbukwenyi, enyi watu wa Mkonze! Babu zake waliwatoza babu zangu hongo ndipo wanywe maji. Leo anataka kupita bure? Mwizi wa maji huyu! Tena akaona haitoshi, akajifanya mwenyekiti wa maji! Nileteeni maji yetu kwanza!"

Uwanja mzima ulilipuka. Mjane, ambaye tangu asubuhi alikuwa amekaa anatazama mbele tu kama haoni watu, alishika ubavu akacheka mpaka khanga ikamwanguka kichwani. Mwanamke mmoja akaenda kuchota ndoo kwenye bomba la marehemu, akamletea shangazi. Akanawa taratibu, akasukutua, akatema, akasema sawa, sasa aende. Ndipo mzee akazikwa.

Tulirudi Kizota tumewaka moto. Picha zilikuwa safi ajabu! Ile ya shangazi amelala miguu imenyooka, nyuma yake mchungaji anajitahidi asicheke, ningeweza kuitundika sebuleni. Nikaandika kwa mkupuo mmoja, na tulipofika kwenye kichwa cha habari, mimi na mpiga picha tukatamka kwa pamoja: Mwizi wa Maji Azikwa Mkonze. Tukagongana mikono. Binti wa Kagera akauliza kama wasomaji wa mbali wataelewa. Tulimcheka. Nani asiyejua utani? Tulimwambia asiwe mgeni kila siku, tukachapisha.

Kesho yake asubuhi makala ilikuwa imesambaa kuliko zetu zote zilizotangulia, na mimi nikapiga kelele za furaha kabla sijasoma maoni. Kisha nikasoma. "Hawa viongozi wa maji ndio walivyo, mpaka kaburini." "Heri amekufa." "Alikula kiasi gani?" Mtu mwingine alikata picha ya jeneza na kichwa chetu cha habari tu, bila makala, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikizunguka. Wachache waliofungua wakasoma mpaka mwisho walitutukana sisi, kwamba tumemlaza mwanamke kaburini ili tupate wasomaji.

Mzee aliyewaletea watu maji alikuwa amekuwa mwizi wa maji nchi nzima, na sisi ndio tuliomfanya hivyo.

Kabla ya adhuhuri mtoto wake mkubwa alikuja karakanani. Nilimfahamu kwa sura, tulikuwa tukipanda basi moja kwenda Mtumba. Alivaa shati jeusi, bado na vumbi la jana kwenye viatu. Mafundi waliuona uso wake wakazima mashine bila kuambiwa.

"Dada," akasema, "baba yangu ameiba nini?"

"Kaka, pole. Ni utani, na wewe ulikuwepo..."

"Mimi najua ni utani! Sisi ni Wagogo, nimezaliwa nao. Mkurugenzi wangu anajua? Amenipigia simu asubuhi hii kunipa pole, halafu akaniuliza kwa upole kama kesi ilikuwa imefika mahakamani." Akainua simu yake. "Utani unaishia palepale. Mtu akishanawa mikono, umekwisha. Wa kwenu wa mtandaoni hauishi. Futeni kabla hatujaanua matanga. Msipofuta, nitawafuta mimi."

Akaondoka. Mpiga picha alitaka tufute saa ileile. Mimi, nikiri, nilikuwa bado na moto, nikabisha: tukifuta, watu watasema tumetishwa na familia ya mwizi, na ile picha iliyokatwa itabaki inazunguka peke yake bila kitu cha kuijibu. Binti akasema tuombe radhi kwa maandishi. Nikaandika radhi. Nikaiandika tena. Kila nilivyoiandika, ilizidi kusikika kama tulimtuhumu kweli na sasa tunarudi nyuma. Tulibadilisha kichwa cha habari, haikusaidia kitu. Nilianza kuona kwamba jarida lenyewe limefika mwisho, maana kama watu wa Mkonze hawatatufungulia mlango, tungeandika nini? Mkubwa amesisitiza?

Nikampelekea shangazi, nikamsomea radhi yangu iliyo bora zaidi. Alikuwa anachambua mchele. Hakunyanyua kichwa.

"Mbovu," akasema. "Tangu lini mtani akaombwa radhi? Ukimwomba radhi mtani umemwambia ulimaanisha. Utani hulipwa. Mmewakopesha utani, sasa wao wawalipe ninyi."

"Walipe vipi?"

"Nitajuaje? Mimi ndiye mdaiwa?" Akapuliza makapi. "Siku ya kuanua matanga twende. Na kamera mchukue, ili mpate aibu vizuri."

Sikulala vizuri siku zile. Mama alinipikia uji tena bila kuuliza. Lakini kuna kitu kilikuwa kinanichemka kifuani, na sikuwa na uhakika kama ni woga, maana kilikuwa kinafanana sana na ile siku ya boksi la rangi.

Tulifika Mkonze jua likiwa limepanda. Ukumbi wa turubai bado ulikuwepo, watu wamejaa, na tulipoingia getini mazungumzo yakakatika. Yule mtoto mkubwa alikuwa amesimama karibu na nguzo, amekunja mikono. Hakutusalimia. Nikamwamkia mjane shikamoo. Hakuitikia. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, nikajisemea basi, tumekwisha, Mkonze imetufungia mlango.

Kisha akasimama, akavua khanga yake ya kiunoni akaizungusha kwangu, akaikaza fundo mpaka nikaguna.

"Jamani!" akaita kwa sauti ambayo sikudhani mwanamke mdogo vile anaweza kuwa nayo. "Mwizi amejileta mwenyewe! Mnyamwezi mwizi wa habari, kaja na vifaa vyake! Mume wangu walimwibia usingizi wake, wakamwanika kwenye masimu kama mlenda!"

Wanawake walinivamia. Mmoja akanipaka unga wa uwele usoni, mwingine akanivua viatu. Shangazi nilimtafuta anisaidie, nikamwona amekaa kwenye kiti cha plastiki, ameshika kikombe cha chai, anawaelekeza wapi hawajapaka. Mjane akanitwisha ndoo tupu kichwani.

"Bomba la mwizi wa maji liko kule. Kachote umnyweshe kila aliye hapa. Na kila anayekunywa utamwambia nani aliyelileta."

Nikaenda. Sijui kama nimewahi kucheka vile katika maisha yangu, pekupeku kwenye changarawe ya moto, uso mweupe, nyuma yangu kundi la akina mama wanapiga ngoma na kuimba kwa Kigogo maneno ambayo nina hakika hayakuwa ya kunisifu. Njiani walisimama kwenye kila mlango kunitangaza. Bombani foleni ilinipisha kwa heshima zote za mfungwa. Nilirudi nimetwishwa, maji yananimwagikia shingoni, nikaanza kumgawia mmoja mmoja kwa kikombe. "Aliyeleta maji haya ni nani?" akina mama wanauliza. Nataja jina la marehemu. "Hatusikii!" Nalitaja tena kwa nguvu. Watu walikunywa ambao hawakuwa na kiu hata kidogo. Wazee walirudi mara ya pili. Nimetaja jina lile siku ile mpaka sauti ikakauka, na mpiga picha alikuwa anakimbia mbele yetu, kinyumenyume, anapiga kila kitu, anacheka kamera inatikisika.

Nikafika nguzoni. Mtoto mkubwa hakuwa amekunjua mikono.

"Kaka," nikasema, "kunywa. Aliyeleta maji haya..."

Hakuningoja nimalize. Alichukua ndoo yote mikononi mwangu. Aliishika pale kifuani akiitazama, na mimi nikafikiri ataiweka chini atufukuze. Akainyanyua, akanimwagia yote kuanzia utosini.

Ukumbi ulipasuka kwa vigelegele. Nilipopangusa macho nikamwona yeye bado ameshika ndoo tupu, na mabega yake yanatikisika. Nilidhani anacheka. Alikuwa analia. Mama yake aliniambia baadaye kwamba tangu siku ya kifo hakuwa amelia. Alikuwa anapokea wageni, anapanga magari, anajibu simu za ofisini. Sasa alilia kwa sauti, mtu mzima yule, machozi na maji yamechanganyika kwa sababu na yeye yalikuwa yamemrukia.

"Haya, mwoneni!" shangazi akaita kutoka kwenye kiti chake. "Kamaliza maji ya bomba, sasa anachota ya machoni! Ukoo wa wezi huu!"

Yule kaka akacheka huku analia, haijulikani kimoja kinaishia wapi kingine kinaanzia wapi. Mjane akaja akamshika kiuno. Na mimi, nimelowa chapachapa, unga umeshakuwa uji usoni, nikaanza kulia pia, kwa furaha, kwa aibu, kwa vyote.

Mpiga picha, kwa adabu zake za Singida, akashusha kamera akageukia pembeni.

Yule mtoto mkubwa akamwona.

"Mbona unazima?" akasema. "Piga, bwana. Mzee aonekane alikuwa na watu."